Kuta Hazipigi Gumzo

Miongoni mwa watu wanaopanga safari za Ulaya, na zaidi miongoni mwa waandishi wa vitabu vya kuwaongoza, imekita mizizi imani kwamba msafiri anayetafuta uchangamfu wa mitaani, yaani ile hali ya mtaa kujaa watu, sauti, harufu, biashara na mazungumzo hata kupita tu ndani yake kukawa starehe, hana haja ya kujiuliza mengi, kwa kuwa jibu limekwisha kuandikwa katika mawe. Auchague mji ambao majengo yake ya kale yamehifadhiwa vizuri kuliko ya mingine, wenye vichochoro vya karne za kati visivyopitiwa na magari, na ikiwezekana uliomo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa kipimo hicho Venice, Bruges, Dubrovnik na Carcassonne hupangwa juu kabisa, ilhali Napoli, Marseille na Palermo hutajwa kwa tahadhari, zikifuatiwa na onyo kuhusu wachomoaji, taka na kelele za pikipiki. Kipimo hicho kimewekwa kichwa chini miguu juu. Uhifadhi kamili wa majengo haukuwa kamwe ushahidi wa mtaa ulio hai, na katika miji kadhaa mashuhuri ya Ulaya ni dalili kwamba watu walioufanya mtaa uwe mtaa wamekwisha kuhama.

Imani hiyo haikuzuka hewani, wala haifai kupingwa kana kwamba ni ya wajinga. Mwaka 1889 Camillo Sitte, msanifu majengo wa Vienna, alichapisha kitabu kuhusu ujenzi wa miji kwa kufuata kanuni za sanaa, ambamo alionyesha kwamba viwanja vya miji ya kale, vilivyozungukwa na majengo pande zote na kuingiliwa kwa njia finyu zilizopinda, humpa mtu hisia ya kuwa ukumbini, wakati barabara pana zilizonyooka kwa rula, ambazo ndizo zilizokuwa mtindo wa zama zake, zilimwacha akijiona mdogo na asiye na pa kujisitiri. Katika hilo Sitte hakukosea, na yeyote aliyewahi kuvuka kwa miguu uwanja mkubwa wa zege mchana wa jua kali anajua alichokisema. Kosa ni la waliokuja baadaye, ambao walilichukua umbo la mahali pa kukutania wakalifanya kuwa ndiko kukutana kwenyewe, kisha wakaanza kuwapeleka watu kwenye umbo tupu wakiwaahidi kwamba uhai watauona humo.

Kama umbo lingetosha, mtaa mchangamfu kuliko yote Ulaya ungekuwa ndani ya Cité ya Carcassonne, mji mkongwe wa kusini mwa Ufaransa uliozungushiwa kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na minara kwa makumi. Kufikia katikati ya karne ya 19 mahali hapo palikuwa pamechakaa kiasi cha serikali kutaka kuta zibomolewe, na ni juhudi za wenyeji waliopenda historia, wakisaidiwa na Prosper Mérimée, mwandishi aliyekuwa pia mkaguzi wa makumbusho ya kale ya Ufaransa, zilizouokoa. Mwaka 1853 msanifu Eugène Viollet-le-Duc alianza ukarabati ambao uliendelea hata baada ya kifo chake, na ambao uliipa minara mapaa ya vigae vya mawe yenye ncha kali. Wakosoaji hawajaacha kusema kwamba mapaa hayo yangestahili zaidi kaskazini mwa nchi. Mabishano juu ya mapaa yamejaza vitabu. Lakini kuna jambo zito kuliko mapaa ambalo halisimuliwi sana: katika nafasi iliyo kati ya kuta mbili kulikuwa na nyumba za watu maskini, wafumaji wakiwa miongoni mwao, nyumba zilizojengwa kwa kuegemea ukuta wa kale, na ukarabati uliziondoa pamoja na wenyewe ili ukuta uonekane kama ambavyo mpiganaji wa karne ya 13 angeuona. Hivi leo wakazi wa kudumu ndani ya kuta ni makumi machache tu, na wageni wanaopita humo kila mwaka huhesabiwa kwa mamilioni. Mchana wa Julai pana msongamano wa kweli, tena wa kukanyagana, lakini ni msongamano wa watu wanaotazama kitu kilekile na kununua panga zilezile za mbao kwa ajili ya watoto. Saa tatu ya usiku wa Januari madirisha yenye taa ni ya kuhesabika. Ng'ambo ya mto Aude, bondeni, uko mji mwingine uitwao Bastide Saint-Louis, ambao nao ulianzishwa karne ya 13, hauna minara ya kupigia picha, na katika uwanja wake wa Place Carnot wakulima wa mashamba ya jirani huuza mboga na matunda asubuhi za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kitabu cha kawaida cha msafiri huipa Cité kurasa na Bastide aya. Anayetafuta mtaa angefanya vyema kuugeuza mgawo huo.

Zaidi ya hayo, ukale wenyewe unaosifiwa mara nyingi si wa kale. Daraja la kuvutia linalovuka juu ya njia ya Carrer del Bisbe katika Mtaa wa Kigothi wa Barcelona, ambalo wageni hulipiga picha wakidhani wanaona kazi ya karne ya 14, lilijengwa mwaka 1928, na uso wa kanisa kuu lililo karibu nalo ulikamilishwa kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Huko Bruges jengo la serikali ya mkoa linalotawala upande mmoja wa uwanja wa Markt lilianza kujengwa mwaka 1887 kwa kuiga mtindo wa Kigothi. Mji Mkongwe wa Warsaw, uliogeuzwa kifusi mwaka 1944, ulijengwa upya kwa kufuata michoro na hata picha za rangi za Bernardo Bellotto wa karne ya 18, na UNESCO iliuandikisha mwaka 1980 ikijua vyema kwamba ni mpya. Hakuna aibu katika kujenga upya, na kazi ya Warsaw ni ya kuheshimiwa kuliko nyingi. Ila anayedai kwamba uchangamfu hutoka katika umri wa jiwe ana wajibu wa kueleza kwa nini jiwe la 1928 humfurahisha sawasawa na jiwe la 1328.

Mfano mkubwa wa mjadala huu, hata hivyo, ni Venice, kwa sababu watetezi wa mawe huutaja kwanza na kwa sababu takwimu zake hazina utata. Wakazi wa visiwa vya katikati ya mji huo walikuwa takriban 175,000 mwaka 1951, na mwezi Agosti 2022 idadi yao ilishuka chini ya 50,000. Mwaka uliofuata vitanda vya wageni vilihesabiwa kuwa vimewazidi wenyeji. Tangu mwaka 2008 duka moja la dawa karibu na daraja la Rialto limeweka dirishani kibao cha elektroniki kinachoonyesha idadi ya wakazi waliobaki, na kwa miaka yote hiyo kibao kimekuwa kikihesabu kwa kurudi nyuma. Si haki kuwabebesha watalii lawama yote, kwa kuwa mafuriko makubwa ya Novemba 1966, unyevu wa vyumba vya chini, na ajira zilizohamia viwandani na mitaa mipya ya bara, huko Marghera na Mestre, viliwatoa watu wengi kabla ya intaneti kuwako. Lakini kilichozuia wengine kuja kuchukua nafasi zao kinajulikana. Nyumba inayopangishwa kwa mwaka humpa mwenyewe kodi ambayo familia ya mwalimu au muuguzi inaweza kuimudu, na nyumba hiyohiyo ikikodishwa kwa usiku mmoja mmoja kupitia mtandao humpa mapato ambayo familia hiyo haiwezi kushindana nayo, kwa hiyo familia huhama na mgeni huingia, kisha maduka nayo huwafuata wateja waliobaki. Mkazi anahitaji fundi viatu, muuza misumari, dobi, duka la madaftari na kinyozi anayemjua. Mgeni wa siku mbili hahitaji hata mmoja kati ya hao, bali anahitaji aiskrimu, kinyago cha karatasi na mahali pa kuweka sanduku lake hadi saa ya treni. Muuza misumari akifunga duka, hata yule mkazi aliyekuwa na nyumba yake mwenyewe na asiyekusudia kuhama huanza kuona kwamba kila kitasa kinachoharibika kinamgharimu safari ya kwenda bara, na darasa la mtoto wake likipungukiwa wanafunzi, shule nayo huunganishwa na nyingine. Mwezi Aprili 2024 manispaa ilianza kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 katika siku maalumu, na mwaka 2025 siku hizo ziliongezwa. Mji unaotoza kiingilio umekiri wenyewe kwamba umekuwa ukumbi wa maonyesho.

Mtetezi wa Venice anaweza kujibu kwamba upande wa Castello, kuelekea Via Garibaldi, na kisiwa cha Giudecca bado nguo huanikwa kutoka dirisha hadi dirisha na watoto hucheza mpira kiwanjani. Ni kweli, na jibu hilo linamponza. Sehemu hizo zina mtaa kwa sababu zina wakazi, wala si kwa sababu mawe yake ni bora kuliko ya San Marco.

Sababu ya jambo hili ilielezwa zamani na watu walioyatazama maisha ya mitaani kwa subira. Jan Gehl, msanifu majengo wa Denmark, katika kitabu chake cha mwaka 1971 aligawanya mambo ambayo watu hufanya nje ya nyumba katika mafungu matatu: shughuli za lazima, kama kwenda kazini, shuleni au dukani, shughuli za hiari, kama kutembea jioni au kukaa juani, na shughuli za kijamii, yaani salamu, mazungumzo, michezo ya watoto na hata kule kutazamana tu, ambazo aghalabu huzaliwa na mbili za kwanza pale watu wanapopishana mara kwa mara. Mji uliobakiwa na wageni peke yao una shughuli za hiari kwa wingi wa kupindukia, lakini za lazima zimeutoka, na kwa hiyo hauna wanaopishana mara ya pili. Wageni elfu kumi wanaopita njia moja kwa siku moja wanaweza wasitoe salamu hata moja, kwa sababu hakuna anayemjua mwenziwe na kesho hakuna atakayerudi. Watu mia mbili wanaoishi kwenye njia hiyo hutoa salamu mamia kabla ya saa tano asubuhi.

Naye Jane Jacobs, mwandishi wa Marekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu kufa na kuishi kwa miji mikubwa ya nchi hiyo hutajwa na kila anayetetea majengo ya kale, alisema waziwazi kwamba mtaa hauwezi kuchangamka bila majengo ya zamani. Lakini wanaomtaja huiacha sababu aliyoitoa. Hakuzungumzia majengo ya makumbusho yaliyokarabatiwa kwa gharama kubwa. Alizungumzia majengo ya kawaida, ya thamani ndogo, hata yaliyochakaa, ambayo gharama yake ya ujenzi ilikwisha kulipwa zamani na kodi yake kwa hiyo ni nafuu kiasi kwamba fundi anayeanza, mkahawa usio na mtaji, duka la vitabu vilivyotumika na chama cha mtaa vinaweza kukaa humo. Ukale, kwa maelezo yake, unaufaa mtaa kwa sababu ya unafuu. Basi jengo la kale likishapakwa rangi, likaandikwa katika orodha, likasifiwa katika majarida na kupandishwa kodi mara nne, halitimizi tena kazi ambayo Jacobs alilisifia, hata kama kila jiwe lake liko palepale. Wanaompeleka msafiri kwenye mtaa uliokarabatiwa kikamilifu wakimtumia Jacobs kama shahidi wao hawakumsoma hadi mwisho wa sura.

Dai jingine ndugu wa hilo, kwamba mtaa usio na magari ndio mtaa mchangamfu, linajibika kwa ufupi. Njia ya Strøget katika Copenhagen ilifungiwa magari mwaka 1962 na watu wakajaa, ndiyo, lakini walijaa kwa sababu tayari walikuwa wakifanya kazi, wakisoma na kununua mahitaji yao hapo, na gari lilikuwa kizuizi tu kilichoondolewa. Vichochoro vya Venice havijawahi kupitiwa na gari hata moja, na bado mji huo umepoteza zaidi ya theluthi mbili ya watu wake.

Kinyume cha haya yote ni Napoli. Njia za katikati ya mji huo, zikiwemo zile tatu ndefu zinazokwenda sambamba kutoka mashariki hadi magharibi, zinafuata mpangilio uliochorwa na Wagiriki takriban miaka 2,500 iliyopita, na UNESCO iliuandikisha mji mkongwe mwaka 1995. Kwa umri, basi, Napoli inaiacha Bruges mbali sana. Lakini haikutakaswa. Chini ya majumba ya makabaila wa kale kuna vyumba viitwavyo bassi, yaani makazi ya chumba kimoja au viwili yaliyo sawa na ardhi na yenye mlango unaofunguka barabarani moja kwa moja, na kwa kuwa chumba hakitoshi, maisha humwagika nje: kiti huwekwa mlangoni, maharage huchambuliwa hapo, mjukuu huogeshwa hapo, na mpita njia hupita katikati ya sebule ya mtu bila mwenye nyumba kuona ajabu. Katika ghorofa za juu wapo wazee ambao bado huteremsha kikapu kwa kamba, kiitwacho panaro, muuza duka akatia mkate na kikapu kikapanda. Walter Benjamin na Asja Lacis, waliouandika mji huo katika makala iliyochapishwa mwaka 1925, waliulinganisha na jiwe la tufo, jiwe la volkano lenye vitundu vingi ambalo mji umejengwa kwalo, wakieleza jinsi ndani na nje, nyumba na njia, siku ya kazi na sikukuu vinavyopenyana humo. Maelezo yao yamepita miaka mia moja na katika soko la Pignasecca, katika mitaa ya Quartieri Spagnoli iliyojengwa karne ya 16 kuwahifadhi askari wa Kihispania, na bondeni Sanità bado ni ya kweli. Kilichouhifadhi uhai huo ni kwamba wakazi hawakuondoka. Wengine hawakutaka na wengi hawakuwa na pa kwenda, na hata ubomoaji mkubwa uliofuata kipindupindu cha mwaka 1884, ulioanza mwaka 1889 na kupasua barabara ya Corso Umberto katikati ya vitongoji vya chini, haukufaulu kuwatoa wote.

Msomaji wa mwambao wa Afrika Mashariki, kwa hakika, hana haja ya kusafiri ili kulikubali jambo hili. Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliomo katika orodha hiyohiyo ya UNESCO tangu mwaka 2000, unajulikana duniani kwa milango yake ya nakshi, lakini kinachowakusanya watu pale Jaws Corner kila jioni ni kahawa, bao na siasa.

Mfano wa Marseille unalimaliza dai la mawe kabisa, kwa kuwa Marseille ni mji mkongwe kuliko miji yote ya Ufaransa, ulioanzishwa na Wagiriki takriban mwaka 600 kabla ya Kristo, na wakati huohuo ni mji wenye mabaki machache ya kuonyesha. Mwanzoni mwa mwaka 1943 jeshi la Ujerumani, likisaidiwa na polisi wa Ufaransa, liliwatoa takriban watu 20,000 katika mtaa wa kale ulio kando ya Bandari ya Kale, kisha likalipua majengo yapatayo 1,500. Kilichosimama leo sehemu kubwa ya ukingo huo ni majengo ya miaka ya 1950. Kwa kipimo cha vitabu vya wasafiri mji kama huo ungepaswa kuwa mkiwa. Lakini hatua chache kutoka bandarini, katika mtaa wa Noailles, soko la Capucins hujaa kuanzia asubuhi: viungo vya Tunisia na Algeria, mihogo na ndizi za kupika, samaki, mikate, vitambaa, na wanunuzi ambao mababu zao walitoka Italia, Armenia, Maghrib, Afrika Magharibi na visiwa vya Ngazija. Wangazija wa Marseille huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, na mtu wa Mombasa au Unguja akisimama katika njia ya Rue d'Aubagne huenda akasikia lugha ambayo nusu yake sikio lake linaikamata. Hakuna jiwe lililoleta hali hiyo. Imeletwa na bandari, kazi na kodi nafuu.

Hapa ndipo hoja nzito zaidi ya upande wa pili inapoingia, na ni lazima isikilizwe: kwamba kusifu mitaa ya namna hii ni kuusifu umaskini wa wengine, kumfanya mtu asiye na bafu kuwa mapambo ya safari ya mwenye nalo. Mnamo tarehe 5 Novemba 2018 majengo mawili yaliporomoka katika hiyohiyo Rue d'Aubagne na kuua watu wanane, na baada ya hapo maelfu ya wakazi wa Marseille waliondolewa katika majengo mengine yaliyoonekana kuwa hatari. Mtu anayeyatazama magofu ya namna hiyo na kuona haiba tu ana upofu wa moyo. Lakini hoja hiyo, ikitumiwa kutetea Carcassonne, huteleza, kwa maana hudhani kwamba kuna njia mbili tu: jengo lioze na mkazi wake, au likarabatiwe na mkazi atolewe. Bologna ilionyesha njia ya tatu. Katika mpango wake wa mwaka 1973, uliobuniwa chini ya uongozi wa msanifu Pier Luigi Cervellati, manispaa ya mji huo ilitumia fedha za nyumba za umma kukarabati nyumba za wafanyakazi katikati ya mji mkongwe badala ya kujenga maghorofa pembezoni, kwa nia iliyotamkwa kwamba wapangaji warudi katika nyumba zilezile kwa kodi wanayoimudu. Kilichohifadhiwa, kwa fikra ya mpango huo, kilikuwa jengo pamoja na watu wake. Haukutekelezwa wote, na wenye nyumba waliupinga, lakini ulitosha kuonyesha kwamba paa linaweza kuzibwa bila familia kufukuzwa. Tena Bologna ina kawaida ya kale ya kuulazimisha utajiri wa mtu binafsi uufae mtaa: sheria za mwaka 1288 zilidai kila nyumba mpya iwe na upenu wa nguzo mbele yake, mwenye nyumba agharimie na umma upite chini yake, na hivi leo penu hizo zina urefu wa kilomita 62 katika mji mzima, zikiwakinga mvua na jua wanafunzi, wazee na wachuuzi bila kuulizana ni wa nani.

Wako pia wanaokubali hoja dhidi ya mawe na kisha kuiharibu kwa kuhimiza kila mtu atafute mji usiogunduliwa bado. Ushauri huo ni wa hila, kwani hujimaliza wenyewe kila unapofuatwa, na humfanya msafiri ajione mpelelezi wakati ni mteja tu aliyewahi kufika. Palermo ni kielelezo. Mji huo ulikuwa na soko liitwalo Vucciria, ambalo mchoraji Renato Guttuso alilifanya mashuhuri kwa picha yake kubwa ya mwaka 1974 yenye nyama, samaki na matunda yaliyosongamana hadi ukingoni. Wageni waliokwenda kuitafuta picha hiyo hawakuwa peke yao waliolimaliza soko, kwani wakazi wengi walikuwa wamekwisha kuhamia vitongoji vya nje, lakini leo meza nyingi za nyama na samaki zimetoweka na Vucciria ni mahali pa kunywea usiku. Soko la Ballarò, umbali mfupi kutoka hapo, bado linapaza sauti, yaani ile minadi ya wachuuzi ambayo wenyeji huiita abbanniata, kwa sababu wanaoishi kulizunguka, wakiwemo wahamiaji kutoka Ghana, Nigeria na Bangladesh, bado wanapika kila siku na hawana budi kununua nyanya.

Kwa hiyo msafiri hulazimika kuuliza maswali ambayo vitabu vyake havijamfundisha. Swali la kwanza ni idadi ya wakazi wa mji mkongwe wenyewe, tena si ya manispaa nzima, kwa kuwa manispaa ya Venice ina watu karibu robo milioni na takwimu hiyo humdanganya asiyejua kwamba wengi wao wanaishi bara. Ajue kama ndani ya mji mkongwe kuna shule ya msingi, kama soko hufunguliwa siku za kazi na huuza vitunguu zaidi ya zawadi, kama maduka hufungwa adhuhuri, jambo ambalo kusini mwa Ulaya humkera mgeni lakini humhakikishia kwamba muuzaji ana nyumba ya kurudi kula. Mwezi nao una uzito kuliko unavyofikiriwa. Waitaliano huukimbia mji katikati ya Agosti, sikukuu ya Ferragosto ya tarehe 15 ikiwa kilele, na anayekwenda wakati huo hukuta vizuizi vya madirisha vimefungwa na wageni wenziwe wakizunguka. Mwezi Oktoba, kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, hukuta passeggiata, yaani matembezi ya jioni ambayo familia nzima huvaa vizuri na kutembea polepole huku na huko, kusudi lao likiwa kuona na kuonekana.

Linabaki suala la pa kulala, na hapo msafiri mwenyewe huacha kuwa mtazamaji. Mwezi Juni 2024 meya wa Barcelona alitangaza kwamba leseni zote 10,101 za nyumba za kukodisha kwa watalii mjini humo hazitaongezwa muda zitakapokwisha Novemba 2028, na Florence ilikwisha kupiga marufuku ukodishaji mpya wa namna hiyo katika kitovu chake mwaka 2023. Mtu anayelala katika nyumba ambayo ingekuwa ya familia ya Quartieri Spagnoli anamwondoa yuleyule jirani aliyesafiri kwenda kumwona. Mwenye wiki moja na ambaye haja yake ni mtaa, basi, aende Napoli au Marseille, akae hapo wiki yote badala ya kuigawa kati ya miji minne, alale hotelini, na anunue chakula chake sokoni asubuhi pamoja na wenyeji. Venice, Bruges na Carcassonne aziwekee safari nyingine ya kutazama majengo na michoro, na kwa kazi hiyo siku mbili kwa kila mji zinatosha.